Nimenunua presha kuka ya umeme mtandaoni, si mbovu ila imeniletea mgogoro. Niirudishe Dar au nibaki nayo?

#1 MamaWawili wa Uyole
Habari za jioni wana jukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Jumanne. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mliozoea kununua vitu mtandaoni.

Wiki mbili zilizopita, saa tano usiku, nilikuwa namwangalia muuzaji mmoja wa Kariakoo akiuza vyombo mubashara kwenye simu. Akatoa presha kuka ya umeme ya lita 6, akamimina maharage makavu mbele yetu, akafunga mfuniko, akaendelea kuuza mabakuli. Baada ya kama dakika hamsini akafungua, akachukua harage moja akaliponda kwa kidole. Mimi ninayebandika maharage kwenye mkaa saa nane mchana ili watu wale saa mbili usiku, nikaona nimeokoka. Nililipa 165,000 palepale, na 10,000 ya basi.

Mzigo umefika Jumanne. Nimefungua boksi, kila kitu kimo: sufuria ya ndani, kikombe cha kupimia, mwiko wa plastiki, mpira wa mfuniko bado una unga mweupe wa kiwandani. Shida haiko kwenye chombo, iko kwangu. Nyumba tuliyopanga mita ya umeme ya LUKU tunachangia familia tatu. Jirani alipoona boksi linashushwa kwenye bajaji, hata sijafika mlangoni, akaniambia, "Mama Wawili, siku utakayowasha hiyo, mchango wangu usiuhesabu." Jioni wakaja wote kwa mume wangu. Na mume wangu sikuwa nimemshirikisha. Hajasema neno mpaka leo.

Ukurasa wa muuzaji umeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Lakini kabla sijalipa nilimuuliza WhatsApp, akajibu hivi, naandika kama ilivyo: "usijali dada ukiwa hujaipenda unabadilisha". Sijaiwasha hata mara moja. Nirudishe? Na nikirudisha, nauli ya mzigo ni ya nani?

#2 Fundi wa Soweto
Rudisha kesho asubuhi. Kitu kikikaa wiki ndani kinakuwa chako, hata moyo wa kukirudisha unakufa.

#3 Binti Kyela
Pole dada yangu. Ningekuwa mimi ningeiuza hapohapo Mbeya. Piga picha nzuri, weka kwenye magrupu ya mji, siku mbili imeondoka. Kurudisha Dar ni kujitafutia stresi.

#4 Muuza Vyombo, Kabwe
Naomba niseme kwa upande wa sisi wauzaji, maana tunalaumiwa sana.

Mimi nauza vyombo na nguo kidogo, dukani na kwenye simu. Pesa ya mteja ikiingia Jumatatu, Jumanne imeshakwenda Kariakoo kuchukua mzigo mwingine. Sina droo yenye pesa za kurudishia watu. Pili, boksi likishafunguliwa, mteja mwingine akiona utepe umekatwa anasema "hii imetumika" na anataka nimpunguzie 30,000. Tatu, kuna watu wametuumiza. Mwaka jana dada mmoja alinirudishia gauni Jumatatu, anasema limembana. Nimelishika kwapani lina unyevu wa manukato na kwenye pindo kuna pambo la keki. Jumamosi ilikuwa kitchen party. Nikalipokea kwa sababu ya jirani zangu waliokuwa wanatazama, lakini tangu siku hiyo nimebandika karatasi ukutani: haturudishi.

Mama Wawili hana kosa kama la huyo. Ila ajue karatasi ile ukutani imetoka wapi.

#5 Mkulima wa Igurusi
#4 umesema kweli tupu, ila umejibu swali la watu wengine. Yeye muuzaji wake alimwahidi. Ahadi ni ahadi.

#6 Dada Mafinga
Kwani sheria si inasema siku 14? Mdogo wangu yupo Uingereza, kila mwezi anarudisha nguo. Anaagiza saizi mbili, anavaa, anabaki na inayomkaa, nyingine anairudisha posta. Hawamuulizi kitu.

#7 Wakili Mdogo
Dada Mafinga, hizo siku 14 ni za Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Uingereza ilizitungia kanuni mwaka 2013, na zinahusu manunuzi ya nje ya duka, yaani mtandao, simu, katalogi na muuzaji anayekufuata nyumbani. Mdogo wako akiingia dukani mwenyewe akashika na kuchagua, muuzaji halazimiki kumrudishia kwa sababu amebadili mawazo. Wazo la ile sheria ni kwamba aliyenunua kwa picha hakuwahi kukishika kitu.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Hiyo inakulinda kama kitu hakifanani na maelezo, au ni kibovu, au hakifai kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Hapo una haki ya kukikataa. Na watu wengi hawajui hili: ukikikataa kwa haki, hulazimiki hata kukisafirisha mwenyewe kukirudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umekikataa. Lakini ukinyamaza muda mrefu, au ukaanza kukitumia kama mwenye mali, unahesabiwa umekikubali.

Kwa MamaWawili, bidhaa ni nzima na inafanana na maelezo. Kwa hiyo haki hiyo haipo. Kinachobaki ni ule ujumbe wa WhatsApp. Usiufute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, makubaliano ya kwenye simu yanatambulika na yanaweza kuwa ushahidi.

#8 Fundi wa Soweto
Umeona? Ushahidi upo. Rudisha.

#9 Kipanga wa Kihesa
Taratibu, Fundi. Someni tena maneno ya muuzaji: "unabadilisha". Hakusema "unarudisha". Kubadilisha ni kutoa kitu upewe kitu. Pesa haijatajwa.

#10 Binti Kyela
Huo ujanja wa maneno, kaka. Mtu wa kawaida akiambiwa "ukiwa hujaipenda unabadilisha" anaelewa kwamba hatapoteza hela yake.

#11 Kipanga wa Kihesa
Anaelewa hivyo kwa sababu anataka kuelewa hivyo. Sokoni Iringa ukisema "nimekuja kubadilisha viatu" hakuna anayekufungulia droo ya pesa, anakuletea viatu vingine. Ukitaka pesa unasema "nirudishie hela yangu". Kiswahili kimetenganisha.

#12 Mkulima wa Igurusi
Na kubadilisha kwa kitu gani? Presha kuka kwa presha kuka nyingine ileile haina maana, umeme ni uleule na majirani ni walewale. Kwa hiyo neno lenyewe linambana muuzaji akubali kitu tofauti. Bei ikilingana sawa, ikizidi anaongeza. Ikipungua je? Hapo ndipo pesa itabidi itajwe hata kama hakuitaja.

#13 Baridi ya Njombe
Kamwene nyote. Hili la "kubadilisha" limenigharimu mimi. Niliagiza jaketi zito mwezi wa sita, mnajua Njombe mwezi wa sita. Likaja linanibana mabegani. Muuzaji akakubali kubadilisha. Nikatuma, nikalipa basi. Saizi yangu imekwisha, akaniambia nichague suruali au saa. Nikachagua suruali kwa hasira, nikalipia basi tena. Baridi nimeipokea na koti la marehemu baba. Suruali ipo, sijawahi kuivaa. Kwa hiyo nimerudisha kitu nisichokitaka nikapata kingine nisichokitaka, na nauli mbili juu.

MamaWawili, kabla hujatuma chochote, akuambie kwa maandishi utabadilishiwa na nini na kama kipo dukani leo.

#14 Karani wa Mizigo
Nafanya kazi ofisi ya mizigo ya basi, hapa Mbeya. Naomba niongeze machache kutoka kwenye kaunta.

Mizigo inayorudi Dar ni michache sana kuliko inayokuja, nakadiria kwa macho yangu tu, na mingi inarudi imefungwa vibaya. Mtu anafungua boksi kwa kisu, anatupa maboya yale meupe, halafu akitaka kurudisha anajaza nguo kuukuu na magazeti. Ikishuka mteremko wa Kitonga kwenye buti chini ya magunia ya mchele, sufuria inapondeka. Kule Dar muuzaji anasema umemletea kibovu, huku wewe unasema ilikuwa nzima, na sisi tunabaki katikati.

Fanya hivi: rudisha kila kitu kwenye nafasi yake kama kilivyokuja. Chukua video bila kukatisha, ukionesha ndani, ukifunga, hadi mzigo unapofika mezani kwetu na namba ya risiti inaonekana. Taja thamani ya mzigo unapoandikisha. Watu wanataja 20,000 ili nauli ipungue, mzigo ukipotea ndiyo wanakumbuka ulikuwa wa 165,000.

#15 Dada Mafinga
Ahsante karani. Hayo ya video sikuwahi kuyawaza.

#16 Boda wa Tunduma
Mbona mnazunguka? Apige simu kwa mtandao wa pesa aseme amekosea namba, wazuie muamala. Kazi imekwisha.

#17 Wakili Mdogo
Boda, hapana. Kwanza wiki mbili zimepita, pesa imeshatolewa, hakuna cha kuzuia. Pili huo ni uongo: hakukosea namba, alinunua na mzigo amepokea. Akikaa na mzigo na pesa pia, mwenye hatia atakuwa yeye. Usimpe mtu mwenye haki yake njia ya kuipoteza.

#18 Boda wa Tunduma
Nimekuelewa mkuu. Nafuta kauli.

#19 Mwalimu wa Uchumi, Iringa
Hebu tufanye hesabu, maana watu wanasema "rudisha" na "uza" bila namba.

Akirudisha: bajaji mpaka stendi tuseme 3,000, basi kwenda 10,000, basi kurudi na bidhaa mpya 10,000. Jumla 23,000, na hapo bado hajashika pesa, ameshika bidhaa nyingine. Akiuza Mbeya kwa 140,000, amepoteza 25,000 lakini ana pesa mkononi. Tofauti ni 2,000 tu. Kwa hiyo swali la kweli ni kama kuna kitu kingine anachokihitaji kwa yule muuzaji. Kama hakuna, auze.

Ile 10,000 ya kwanza ya basi msiihesabu popote. Imeshakwenda kwa vyovyote.

Na Fundi pale #2 amesema jambo ambalo wataalamu wamelipima. Mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler waliandika kuhusu jaribio la vikombe: nusu ya wanafunzi walipewa kikombe, nusu hawakupewa. Waliopewa dakika chache tu zilizopita walitaka bei kama mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kuitoa. Kukishika kitu tu kunakipandisha thamani machoni pako. Ndiyo maana vitu tunavyojiambia "nitarudisha kesho" viko makabatini.

#20 Mzee wa Mlandege
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hilo la vikombe ni la watu waliokulia kwenye vitu vingi. Sisi tuliopitia mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sababu yetu ni nyingine. Ulikuwa unapanga foleni ya sukari, ukifika mbele unakuta sukari imekwisha kuna betri. Ulichukua betri. Hukuuliza kama unazihitaji, kwa sababu jirani alikuwa anazihitaji na yeye amepata sabuni. Kitu kilichoingia ndani ya nyumba hakikutoka kurudi dukani. Mke wangu mpaka leo ana kabati lina vikombe sita ndani ya boksi la tangu 1986. Mtoto wangu akiagiza kitu kikamkataa, mama yake anamwambia "weka, kitafaa". Ni malezi hayo.

#21 Binti Kyela
Shikamoo mzee. Mimi sikuwepo miaka hiyo na bado sirudishi vitu. Kwangu ni aibu. Najiona nikimpigia yule dada, anaanza "lakini si uliona mwenyewe kwenye picha?", naishiwa maneno. Bora nipoteze 40,000.

#22 Mzee wa Mlandege
Marahaba mjukuu wangu. Hiyo aibu nayo kuna aliyekufundisha.

#23 Muuza Vyombo, Kabwe
Binti Kyela, hapo umenigusa, kwa sababu nakiri wauzaji tunaitegemea hiyo aibu. Mteja mpole tunamjibu mara moja tu, "hairudishwi", na anaondoka. Mwenye kuja amesimama vizuri, risiti mkononi, anaongea kwa heshima bila kutetemeka, huyo tunamtafutia njia. Nimefanya hivyo mara nyingi na si haki.

#24 Msafiri wa Makambako
Kwangu si aibu wala malezi, ni kilomita. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya 800. Mtu wa Kinondoni akiwa hajapenda kitu anapanda daladala anakirudisha mchana. Sisi tunaongozana na malori usiku kucha. Mtu akiwa mbali na duka anakuwa mwema kwa lazima. Wakati ule Jumia, lile duka la mtandaoni, ipo tulidhani mambo haya yatapata utaratibu, ikafunga Tanzania Novemba 2019. Sasa hivi kila mtu na muuzaji wake na bahati yake.

#25 Abu wa Mafiati
Assalaam alaykum. Naona mnatafuta sheria za Uingereza wakati kuna jambo la karibu. Katika biashara ya Kiislamu kuna kitu kinaitwa iqala. Mnunuzi akijuta, hata kama bidhaa haina kasoro, muuzaji halazimiki kuvunja mauzo, lakini akikubali ana thawabu kubwa. Imo katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kwamba anayemkubalia Muislamu aliyejutia mauzo, Mwenyezi Mungu atamsamehe kujikwaa kwake. Mimi nina duka la viatu. Aliyejuta akija na kiatu hakijakanyaga vumbi, namrudishia pesa yake, na sijafilisika. Wengi wao wamerudi kununua tena.

#26 Muuza Vyombo, Kabwe
Abu, soli ya kiatu inaonesha vumbi. Presha kuka ikishapika mchuzi na kuoshwa vizuri utajuaje?

#27 Abu wa Mafiati
Mpira wa mfuniko, ndugu yangu. Unashika harufu na haitoki hata uoshe mara ngapi. Na yeye kasema bado una unga wa kiwandani.

#28 Fundi wa Soweto
Sasa niseme kama fundi umeme, maana hapo mwanzo nilijibu kwa haraka. Nimeanza kuona kwamba mgogoro wa majirani umejengwa juu ya hofu na si juu ya uniti.

Presha kuka ya lita 6 mara nyingi ni wati 1,000. Ikiwaka saa nzima bila kukata ingekula uniti moja. Lakini haiwaki saa nzima: presha ikijaa inakata, inarudi kidogo, inakata. Maharage yanaweza kuishia kama nusu uniti. Akipika mara tatu kwa wiki ni kama uniti 6 kwa mwezi. Pasi na hita ya kuchemshia maji ya kuoga zinakula zaidi ya hapo, na sidhani kama kuna mpangaji aliyefuatwa usiku kwa ajili ya pasi.

#29 Mkulima wa Igurusi
Fundi umebadilika! Post #2 "rudisha kesho", #8 "rudisha", leo unamtetea abaki nayo.

#30 Fundi wa Soweto
Nimesoma uzi, ndugu. Hata fundi anapima kabla ya kukata waya.

#31 Kipanga wa Kihesa
Fundi, majirani hofu yao ina msingi. Kama mita ipo kwenye D1, ile ya matumizi madogo, mwisho ni uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya 100 kabla ya kodi. Zikipita 75, za juu zinahesabiwa 350, na ukizidisha mfululizo unahamishwa kwenda T1 ambako kila uniti ni 292 kabla ya kodi. Familia tatu kwenye mita moja labda wako 70 sasa hivi. Uniti 6 za MamaWawili ndizo zinazowavusha. Yeye ametumia 6, bei imepanda kwa wote.

#32 MamaWawili wa Uyole
Nimewasoma wote, ahsanteni sana, sikutegemea watu wengi hivi. Majibu machache.

Mita yetu nimeiuliza, tuko kwenye ile ya bei kubwa tayari, kwa hiyo hiyo hofu ya 75 haipo, ila majirani hawakujua hata kwamba kuna bei mbili. Muuzaji nimemwandikia kama Baridi ya Njombe alivyosema. Amenijibu kwa sauti, ana lugha nzuri kwa kweli. Anasema atabadilisha na kitu chochote cha bei hiyo, pesa hawezi, boksi liwe zima na nauli zote mbili ni zangu. Amenipa mpaka Jumatatu. Ana jiko la gesi la plati mbili. Gesi ninayo tayari, plati moja.

Mume wangu jana ameongea. Nilidhani amekasirika kwa hela. Kumbe alichokasirikia ni kwamba majirani walijua kabla yake.

#33 Dada Mafinga
Pole mama. Hapo mwisho ndipo palipo na uzito kuliko jiko.

#34 Mwana Rungwe
Nimechelewa kufika ila nina hoja moja. Usirudishe, na sababu ni mwinuko. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Uyole zaidi kidogo. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 85 badala ya 100, ndiyo maana harage la Uyole linachukua saa sita. Yule muuzaji amepikia Kariakoo, usawa wa bahari, hata sufuria ya kawaida ingeivisha. Wewe ndiye unayeihitaji kweli.

#35 Mwalimu wa Uchumi, Iringa
Mwana Rungwe hoja ni nzuri, namba si sahihi. Joto la maji kuchemka linapungua kama nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa mita 1,700 ni karibu nyuzi 94. Ndani ya presha kuka zinapanda zaidi ya 110, kwa hiyo faida ni kubwa huku kuliko pwani, hapo uko sahihi.

#36 Mwana Rungwe
Ndaga fijo, asante sana mwalimu. 94 basi.

#37 Mkulima wa Igurusi
Si mwinuko peke yake. Maharage ya zamani hayaivi hata ukiyapikia Kyela kwenye joto. Yakikaa stoo mwaka ganda linakaza. Watu wa mjini mnauziwa ya msimu wa juzi mnasingizia milima.

#38 Binti Kyela
Na maji je? Bibi yangu Tukuyu anapikia maji ya mvua, yanaiva mapema. Ya kisima yanakataa mpaka atie magadi.

#39 Mzee wa Mlandege
Kuloweka usiku. Hamloweki siku hizi.

#40 Mkulima wa Igurusi
Mzee, kuloweka nakubali. Ila mbegu pia. Zile za njano zilizotoka kituo cha utafiti Uyole zinaiva haraka kuliko haya mekundu ya madoa.

#41 Karani wa Mizigo
Wakuu, turudi kwenye boksi. Kama anatuma ili Jumatatu liwe limefika, mwisho ni basi la Jumapili.

#42 Wakili Mdogo
Na asiiwashe kabla hajaamua, hata kwa kuchemsha maji tu. Akichemsha, "sijaitumia" haitakuwa kweli tena, na hilo ndilo neno lake la nguvu kuliko yote.

#43 Fundi wa Soweto
Kuna njia ya tatu. Mita ndogo ya ndani. Inafungwa kwenye laini ya chumba chake, kila mwezi wanasoma, analipia uniti zake mwenyewe. Majirani hawatakuwa na neno. Inabidi mwenye nyumba akubali na fundi awe mtu anayejua kazi.

#44 Baridi ya Njombe
Aongeze gharama ya mita juu ya 175,000 alizokwisha toa? Hapana. Mimi bado nasema auze kwa 140,000 apumzike. Kila suluhisho jipya linadai pesa mpya.

#45 Abu wa Mafiati
Lakini mita ndogo haitamaliza la jiko tu. Itamaliza ugomvi wa kila mwezi wa LUKU. Hiyo si gharama ya presha kuka.

#46 Muuza Vyombo, Kabwe
MamaWawili, kama utaamua kuiuza, mimi nipo tayari kuiweka dukani kwangu kwa niaba yako bila kuchukua cha juu. Boksi lisipondeke tu.

#47 MamaWawili wa Uyole
Mungu akubariki kaka #46. Nimesoma yote mpaka mwisho, mume wangu kasoma na yeye, tulikuwa tunapokezana simu. Yeye yuko na Fundi kwenye mita ndogo. Mimi moyo unaenda kwa Binti Kyela. Kesho saa moja asubuhi tunaenda wote wawili kwa mama mwenye nyumba, na tumewaomba majirani waje. Nimefunga boksi kama Karani alivyoelekeza, maboya yote yamo, video ninayo.

Maharage nimeloweka usiku huu.

#48 Mkulima wa Igurusi
Aina gani?

#49 MamaWawili wa Uyole
Ya njano. Kilo moja na nusu, nimenunua leo Uyole sokoni, mama kaniapia ni ya msimu huu.